Amri kwa Aliyelala Kifudifudi: Lugha ya Programu za Mazoezi ya Nyumbani katika Visiwa vya Lamu

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo linaloonekana dogo, nalo ni maneno ambayo simu humwambia mtu anayefanya mazoezi ya viungo nyumbani kwake. Usanifu wa programu za namna hii huachiwa aghalabu wachoraji na mafundi wa kompyuta. Sisi tunadai kwamba sehemu yake iliyo ngumu ni ya lugha, na kwamba katika visiwa vya Lamu, ambako wanawake wengi huona haya kufanya mazoezi mbele ya watu, ugumu huo una athari katika afya ya mtumiaji.

Na tuanze na mfano. Mnamo mwaka 2013 Chris Jordan na Brett Klika walichapisha nchini Marekani mpango wa mazoezi 12 yasiyohitaji chombo ila kiti na ukuta. Kila zoezi huchukua sekunde 30, na baina ya zoezi na zoezi pana mapumziko ya takriban sekunde 10. Programu nyingi za simu zimejengwa juu ya mpango huo. Nyumba ya mawe ya Lamu inaumudu: vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa upana wake hupimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, lakini ni virefu, na mtu aliyelala hupata nafasi. (Kiti ni shauri jingine. Hatumtarajii mtu akanyage kiti cha enzi cha nyanya yake.) Hata hivyo, mtu aliyelala kifudifudi, akijiinua kwa mikono, hawezi kutazama kioo cha simu. Tegemeo lake ni sikio peke yake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomtega mfasiri. Lugha yetu ina mnyambuliko wa kutendua, ambao hugeuza kitendo kuwa kinyume chake kwa kuongeza irabu: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Kwa msomaji, utaratibu huu ni wa kupendeza. Kwa anayesikiliza huku anahema, ni hatari. "Kunja goti" na "kunjua goti" huanza kwa silabi ile ile na huishia kwa neno lile lile. Tofauti ni irabu moja na mkazo uliosogea. Asiyeipata tofauti hiyo ataendelea kulikunja goti lililochoka, wakati simu inamtaka alinyooshe. Jozi ya "inuka" na "shuka" nayo haina nafuu kubwa: mizizi ni mbalimbali, lakini miishio inafanana, na aliyesikia nusu ya pili tu hajui aende upande gani.

Lugha ya mabaharia ina la kutufunza katika jambo hili. Shehena ya jahazi hupakiwa na kupakuliwa, yaani kitenzi na kinyume chake ni mtu na nduguye, nayo ni kazi ya bandarini isiyo na haraka. Lakini tanga hutwekwa na kutuliwa. Nahodha hasemi "tweka" kisha akatafuta namna ya kukitendua kitenzi hicho. Husema "tua", neno lenye mzizi wake. Hatudai kwamba mabaharia walikaa wakapanga hivyo, ila utumizi wenyewe unatosha kuwa mfano. Basi msanifu na achague "kunja" na "nyoosha", "kaza" na "legeza", "panda" na "shuka". Vitenzi hivi vina faida ya pili. "Shuka" hubeba mwelekeo ndani yake, hata hapana haja ya kuongeza "chini", ambayo Mwamu huitamka "tini", wala "juu", ambayo kwake ni "yuu". Kiswahili sanifu, ambacho tangu mwaka 1930 kilisimamiwa na Kamati ya Lugha kwa msingi wa Kiunguja, kinafahamika Lamu. Lakini sikio la mtu aliyechoka hulipokea upesi zaidi neno lisilotofautiana na la nyumbani kwake.

Lipo pia suala la adabu. Je, simu imwambie mama mtu mzima "Lala!" kama anavyoambiwa mtoto? Wengine watapendekeza "ulale" au "tulale". Maoni yetu ni kwamba heshima iwekwe katika mapumziko, ambapo pana nafasi ya "tafadhali" na "hongera", na amri ya katikati ya zoezi iachwe fupi. Hakuna baharia aliyemwona nahodha hana adabu kwa kusema "Tua!"

Majina ya viungo yanataka uangalifu mkubwa zaidi, kwa maana sauti ya simu huvuka mlango. "Kiuno" si neno chafu, lakini likitamkwa kwa sauti mkwe akiwa kibarazani, huleta fikra za ngoma ya harusi kabla ya fikra za afya. "Nyonga" hufanya kazi ile ile bila ya kumwaibisha mtu. "Matako" hayafai kabisa; "makalio" huvumilika yakiwa yameandikwa.

Mwisho ni saa. Programu iliyotafsiriwa neno kwa neno itamkumbusha mtumiaji mazoezi ya "saa 6 asubuhi", ilhali kwa Mwamu, kama kwa Waswahili wote, saa 6 ni adhuhuri au usiku wa manane. Aandikiwe saa 12 asubuhi. Kosa hili fundi hulirekebisha kwa muda mfupi, mradi awepo wa kumwambia.