Kikombe chenye ufa

Hoteli za Kahama na Geita hulaza kila aina ya mtu: mchimbaji, mnunuzi wa dhahabu, dereva wa lori la Rwanda. Wote humjua meneja kupitia uso wa mhudumu.

Juzi katika hoteli moja Kahama nililetewa chai katika kikombe chenye ufa. Nikauliza. Binti akaninong'oneza: "Mzee, ukimwambia meneja nitakatwa mshahara." Huyo hukata bei ya chombo hapo hapo, bila swali. Basi vilivyopasuka hufichwa kabatini, kisha hurudi mezani. Meneja anaona nidhamu, kumbe ni woga. (Mtungi wa gesi ukivuja, nani atamwambia?)

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi ruhusa hiyo. Lazima kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe hasara kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Akionewa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Nilimweleza binti hayo. Akatazama mlango wa ofisi, akachukua kikombe, akakiosha, akakirudisha kabatini.