Nani kasema mbuga ni za Wazungu?

Washkaji wa Pasiansi, mpo? Tunaishi jirani na chuo kinachofundisha askari wa wanyamapori tangu 1966, lakini wengi wetu swala tunamjua kwa kalenda ya ukutani. Aibu!

Mimi Jumamosi nakwenda Saanane. Zamani kisiwa hiki kilikuwa bustani ya wanyama. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Unapanda boti Capri Point, dakika chache tu umefika. Pimbi wanaota jua juu ya mawe, swala wanakula zao majani. Panda kilima taratibu, litazame ziwa, pumzisha akili.

Kiingilio na nauli ya boti ulizia mapema. Jaketi la kuokolea vaa, usilete ubishoo: Mwanza hatujaisahau MV Bukoba, 1996. Pesa? Punguza bia za Ijumaa, utaweza.