Kalemie: Onyo la betri kwenye gari la umeme si lazima betri iwe imekufa

KALEMIE – Magari ya mazuti na pikipiki za esansi bado ndiyo yanayojaza barabara za mji mkuu wa jimbo la Tanganyika. Lakini magari ya umeme hayako mbali tena. Mjini Nairobi, kampuni ya teksi ya NopeaRide iliyaendesha tangu 2018 hadi ilipofunga kazi mwishoni mwa 2022, na mengi yalikuwa Nissan Leaf. Gari la namna hiyo likishushwa kwenye bandari ya Dar es Salaam, linaweza kupita Kigoma na kuvuka ziwa hadi Kalemie, kama mizigo mingine inavyovuka.

Siku likifika, swali litakuwa moja: nani atalitengeneza? Betri kubwa ndiyo sehemu ya bei ghali kuliko zote katika gari la umeme. Fundi akiona neno «betri» kwenye tablo na kumwambia mwenye gari anunue mpya, familia inaweza kupoteza akiba yake yote kwa kosa ambalo lingetengenezwa kwa pesa kidogo.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni kwamba gari la umeme lina betri mbili. Kubwa, iliyo chini ya viti, ndiyo inayozungusha magurudumu. Ndogo, ya volti 12, inafanana na ile ya gari la kawaida. Hii ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi zinazoachilia umeme wa betri kubwa. Ikidhoofika, kompyuta zinachanganyikiwa, na taa za breki, za usukani na za mfumo wa umeme zinaweza kuwaka kwa pamoja. Maonyo mengi yakitokea kwa mara moja, fundi mwenye busara anaanza na betri ndogo.

Kazi hiyo inahitaji voltimita tu. Gari likiwa limezimwa na kupumzika kwa saa chache, betri ndogo iliyo nzima inaonyesha karibu volti 12,6. Ikiwa chini ya 12, imechoka au haikuchajiwa vizuri. Gari likiwashwa, kipimo kinapaswa kupanda hadi 13 au zaidi, kwa sababu betri kubwa ndiyo inayochaji ndogo. Vichwa vya betri navyo viangaliwe: vikilegea au vikiota unga mweupe, vinatosha kuleta onyo.

Kama onyo linatokea wakati wa kuchaji peke yake, kosa linaweza kuwa ndani ya nyumba. Umeme wa Kalemie unatoka kwenye kituo cha Bendera, juu ya mto Kiyimbi, lakini kufika kwa umeme nyumbani hakutoshi. Kifaa cha kuchajia hupima kama prizi ina waya wa ardhi. Usipokuwepo, kinaweza kukataa kabisa kufanya kazi, na gari halina kosa lolote.

Joto pia linasema. Kwenye Nissan Leaf za kwanza, picha ya kobe ikiwaka kwenye tablo, gari linapunguza nguvu: betri imekaribia kwisha, au hali yake ya joto si nzuri. Betri za Leaf hizo hazina maji ya kuzipoza. Mwaka 2012, wenye magari hayo katika jimbo la joto la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zinachoka mapema. Kama sababu ni joto, kuegesha kivulini na kungoja kunaweza kutosha.

Onyo likibaki, ndipo fundi anachomeka kifaa cha kusomea namba za hitilafu chini ya usukani. Namba nazo zisomwe kwa akili. P0A80, inayojulikana sana kwenye Toyota Prius ya esansi na umeme, inasema betri kubwa ibadilishwe. Lakini betri ya Prius nyingi ina moduli 28, na huenda moja tu ndiyo iliyoharibika. Moduli zimefungwa kwa mstari kama wapiga kasia: mmoja akichoka, mtumbwi wote unapunguza mwendo. Fundi akipima kila moduli, anaipata ile mbovu na kubadilisha hiyo peke yake, kwa nyingine yenye nguvu inayolingana na zilizobaki.

Namba moja haina mchezo: P0AA6. Inaonya kwamba umeme mkali unavuja kuelekea bodi ya gari, na maji ni moja ya sababu zake. Katika mji ambao ziwa limepanda na kuingia mitaani katika miaka ya karibuni, gari lililosimama ndani ya maji lisiwashwe. Nyaya za rangi ya machungwa zinabeba mamia ya volti. Hazishikwi na mtu asiye na mafunzo na glavu maalumu, hata gari likiwa limezimwa.

Jimbo hili lina Manono, yenye moja ya akiba kubwa za lithiamu duniani, madini yanayotengenezea betri hizo. Garaji za Kalemie, kwa upande wao, bado zimezoea injini za mazuti. Voltimita na kifaa cha kusomea namba vinagharimu kidogo sana ukilinganisha na betri kubwa, na kijana wa shule ya ufundi anaweza kuanza navyo leo.

Kwa anayetaka kununua, mitihani ianze kabla gari halijapanda meli. Leaf nzima inaonyesha vipande 12 vya afya ya betri pembeni mwa tablo. Lakini wauzaji wengine hurudisha kipimo hicho nyuma ili betri iliyochoka ionekane mpya kwa muda. Kwa hiyo mnunuzi adai afya ya betri isomwe kwa kifaa mbele ya macho yake, kisha ndipo alipe.