Kinga ya tundu la kasuku: itatafunwa, swali ni ina nini ndani

Kasuku wa kijivu ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi, lakini ganda gumu la kokwa halimshindi. Mfugaji akichoka kufagia maganda ya alizeti kila asubuhi, huzungushia tundu kinga: kitambaa, plastiki au wavu. Dukani huuliza, "Hataitafuna?" Ataitafuna. Cha kuuliza ni kitakachoingia tumboni akishaitafuna.

Kinachotisha zaidi ni zinki. Ule wavu unaong'aa wa banda la kuku ni chuma kilichopakwa zinki kisishike kutu. Kuku hana neno nao sana, kwa kuwa hapandi kwa mdomo. Kasuku mdomo ndio mguu wake wa tatu. Kila anapopanda anauma. Tazama wavu mpya kwa karibu: kwenye viungo pana matone madogo yaliyoganda, mengine yana ncha. Hayo ndiyo anayoyabandua kwanza. Wavu ukilowa mara kwa mara hutoa unga mweupe, na huo nao una zinki.

Kipande kikimezwa hukwama kwenye firigisi. Huko kinasagwa, asidi ya tumbo inakiyeyusha, na zinki inaingia kwenye damu na kuharibu kongosho, figo na chembe nyekundu. Madaktari wa ndege huiita hali hii ugonjwa wa waya mpya. Ndege hunywa maji kupita kawaida, kinyesi huwa majimaji au kijani, hutapika, hunyong'onyea. Wengine hushikwa na degedege. Daktari hupiga eksirei kutafuta kipande, kisha hutoa dawa inayonasa madini hayo mwilini, kama kalsiamu EDTA. Risasi huleta balaa la namna hiyohiyo, na hupatikana kwenye rangi za zamani na kwenye lehemu.

Wapo wanaousugua wavu kwa siki na brashi ya waya. Unga na matone yaliyolegea hupungua, ila tabaka la zinki linabaki palepale. Kwa kasuku, mimi nisingethubutu.

Chuma cha pua ndicho cha kuaminika: daraja 304 kwa kawaida, 316 kwa nyumba za pwani zinazopigwa na upepo wa chumvi. Ni ghali, hilo halina ubishi. Ukienda kununua beba sumaku. Waya wa mabati huvutwa kwa nguvu, 304 haivutwi au huvutwa kidogo tu. Lakini alumini pia haivutwi, kwa hiyo sumaku isiwe shahidi wako wa pekee. Matundu yaliyopakwa rangi ya unga yanafaa mradi rangi haijabanduka. Ikibanduka, kilicho chini yake ndicho anachokila.

Kwa kuzuia maganda tu, bamba angavu la akriliki au polikaboneti linatosha. Mdomo hukata kwa kubana kitu kati ya taya mbili, na bamba tambarare halina pa kubanwa. Udhaifu wake ni ukingo. Lifungwe nje ya nondo, kingo zake zisifikiwe na mdomo, na upande mmoja uachwe wazi hewa ipite. Polikaboneti hukwaruzika upesi, lakini haivunjiki vipande vyenye makali.

Kitambaa na neti za nailoni viachwe kabisa. Uzi mmoja uliochomoka hujiviringisha mguuni hadi damu isipite, na nyuzi zilizomezwa huziba mfuko wa chakula shingoni.



Kisha kuna vitu vidogo. Mtu hununua wavu wa chuma cha pua, halafu anaufunga kwa vipande vya waya wa mabati na kufuli la bei ya chini. Kasuku huanza na kufuli. Bolti, bawaba na kufuli navyo viwe vya chuma cha pua, nati zikae upande wa nje.