Nyamukubi: Waliookoka walipokelewa na majirani, lakini pa kujenga ni wapi?

Bukavu – Huko Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, Alhamisi ni siku ya soko. Watu wanashuka toka milimani na mazao kichwani, wengine wanafika kwa mitumbwi. Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, wakati mvua kwa kawaida inakaribia kwisha na wakulima wanangoja jua la Juni. Siku hiyo mvua ilipiga milima kwa nguvu. Mito ikavunja kingo na kushuka na mawe makubwa, miti na matope, ikapita juu ya soko na nyumba mpaka Ziwa Kivu. Bushushu, kijiji kilicho kwenye barabara ya Bukavu–Goma, nacho kikafagiliwa.

Jumatatu tarehe 8 Mei, siku ya maombolezo ya kitaifa, hesabu ya maiti ilikuwa imepita 400, na maelfu walikuwa hawajulikani walipo. Wiki hiyo hiyo, ng'ambo ya ziwa, Rwanda nayo ilikuwa imezika zaidi ya watu 100.

Kwa waliobaki, kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta. Walichimba kwa beleshi, kwa jembe, kwa mikono. Maiti nyingine zilirudishwa na ziwa. Nyingi zilizikwa katika makaburi ya pamoja, na hilo liliwauma watu sana. Huku kwetu mtu anazikwa na jamaa yake, na kilio kinakaliwa nyumbani. Hapa nyumba haikuwapo tena, na mara nyingine hata jamaa wa kukaa kilio hakubaki.

Habari moja tu ilipita mdomo kwa mdomo kwa furaha: watoto wachanga wawili waliokotwa wakiwa hai ziwani, upande wa kisiwa cha Idjwi, siku kadhaa baada ya mafuriko.

Daktari Denis Mukwege alituma kikosi cha wahudumu wa Panzi toka Bukavu, na misaada mingine ikafuata. Lakini usiku wa kwanza haukungoja lori. Wengi walilala kwa jamaa na majirani ambao maji hayakuwafikia. Nyumba iliyotosha familia moja ikachukua mbili au tatu, kwa sufuria ile ile na shamba lile lile. Mara nyingi orodha za misaada zinaandika aliyepoteza nyumba. Anayemlaza sebuleni kwa miezi anasahauliwa, na chakula chake kinakwisha kimyakimya.

Watu wa mjini wanauliza kwa nini wale walijenga pale. Kati ya mlima na ziwa kuna kipande chembamba tu cha ardhi tambarare, na hapo ndipo barabara, soko na samaki vipo. Juu, miti imekatwa kwa mashamba na makala, kwa hiyo hakuna kinachozuia maji. Kalehe ilikwisha kuonywa: mafuriko ya Oktoba 2014 yaliacha zaidi ya 100 wakiwa wamekufa au kupotea. Watu walirudi hapo hapo. Kumwambia mvuvi ahame ni rahisi. Kumpa kiwanja ambacho si cha mtu mwingine, karibu na ziwa, ni kazi ambayo hakuna jirani anayeweza kumfanyia.

Bukavu haina haki ya kuwacheka. Desemba ya mwaka ule ule, maporomoko ya udongo yaliua watu wasiopungua 14 katika komini ya Ibanda. Kadutu nako nyumba zimepanda mlima moja juu ya nyingine, na maji ya manjanja ya huyu yanaangukia ukuta wa yule wa chini. Hapa pia majirani ndio wanaochimba mifereji na kupanga mifuko ya udongo, kila mmoja na beleshi yake. Wana miezi ya Juni, Julai na Agosti. Septemba mvua inarudi.