Gesi ya Kiyoyozi Haiishi Bila Sababu



Kaskazi inapoanza kuvuma na joto kutanda kutoka Mombasa hadi Malindi, gereji zetu hujaa magari yenye shtaka moja: kiyoyozi hakileti baridi. Jawabu nalo aghalabu huwa moja, "Gesi imeisha, tutie nyingine." Mama huchomoa fedha alizokuwa amezitenga kwa karo, akarudi nyumbani na baridi yake, na kabla msimu haujapita yuko tena pale pale mlangoni pa gereji. Neno hilo "imeisha" ndilo linaloua kompresa.

Gesi ya kiyoyozi si petroli. Haichomwi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile kwa miaka. Kompresa ni pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa kwa mkanda. Huigandamiza gesi ikawa na moto na nguvu; gesi hiyo huingia kwenye kondensa, ule wavu ulio mbele ya rejeta, ikapozwa na upepo hadi ikawa maji; kisha hupenyezwa kwenye tundu jembamba, ikatanuka ghafla na kuwa baridi kali. Pamoja nayo husafiri mafuta maalumu, na hayo ndiyo yanayolainisha vyuma vya kompresa. Mafuta ya injini hayaifikii.

Basi gesi ikivuja, na mafuta huvuja. Atiaye gesi kila mara bila kuuziba mvujo huwa anaiendesha pampu kavu. Hapa pwani chumvi ya bahari huila kondensa mapema, kwa hivyo mtake fundi aangalie hapo kwanza, pamoja na viungo vya mabomba: doa la mafuta lililoshika vumbi ni ushahidi tosha. Akishaziba, atoe hewa na unyevu kwa mashine kwa muda wa nusu saa hivi, ndipo atie gesi kwa kupima mizani. Aina na uzito wake huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Magari mengi yana swichi inayoizuia kompresa isizunguke gesi ikipungua mno. Wako mafundi wanaounganisha nyaya ili kuipita swichi hiyo. Ndugu fundi, ikiwa gazeti hili limekufikia kwako nyumbani: hiyo ni khiyana, hata kama mteja aliondoka akikushukuru. Kompresa ikikwama, vumbi la chuma husambaa mabombani, na kompresa mpya ikifungwa bila kusafisha njia na kubadilisha kichujio, nayo hufa. Tena mkanda waweza kukatika, na katika magari mengi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Hapo mama na watoto hubaki kando ya barabara, injini ikichemka.

Akina mama huniuliza iwapo gari la dizeli lina gesi yake. La. Gesi haijui injini inakunywa nini. Tofauti iko kwenye nguvu: injini ndogo ya petroli ni dhaifu inapozunguka polepole, ndiyo maana kigari cha sisi 1000 huhema mlimani kiyoyozi kikiwashwa, ilhali dizeli huubeba mzigo huo bila kuonyesha. Lakini basi dogo la dizeli linalopeleka watoto shule, lenye baridi mbele na nyuma, lina mabomba marefu na viungo vingi zaidi vya kuvuja. Nayo magari ya petroli yanayosaidiwa na betri kubwa, ambayo siku hizi ni mengi, aghalabu yana kompresa ya umeme mkali isiyotaka mkanda. Mafuta yake ni mengine kabisa, na asiyeyajua asiruhusiwe kuigusa.

Iwapo baridi hukatika kwenye foleni ya kivuko cha Likoni na kurudi gari likikimbia, tuhumu feni ya kondensa kabla ya gesi. Kuongeza gesi hapo huzidisha mgandamizo na kuiumiza kompresa iliyokuwa nzima.

Na kusi ikija, tusikisahau kiyoyozi kwa miezi. Kiwashwe dakika kumi kila wiki, hata kama kuna mvua, ili mafuta yafike kwenye mpira unaoizuia gesi isitoroke.