BAKSHISHI: NI SHUKRANI AU NI FIMBO?

Yako maswali ambayo watu wa baraza moja huweza kuyajadili mpaka kahawa ikaisha deleni, na bado kila mtu akaondoka na rai yake. Mojawapo ni hili: ukiingia hotelini ukahudumiwa vibaya, je, wakati wa kuondoka utoe bakshishi au usitoe?

Wako wasemao kwamba mtu hashukuru asichokipenda, basi wao huondoka mikono mitupu. Wako wasemao kwamba mhudumu ni mtu wa kipato kidogo, naye apewe tu, awe amefanya vizuri au vibaya. Na wako wa tatu, ambao huacha shilingi moja juu ya meza kwa makusudi, ili mhudumu akiiona ajue thamani yake. Nimewasikiliza wote watatu kwa muda mrefu, na leo nataka kuwajibu, hasa huyu wa shilingi moja.

NENO NA JAMAA ZAKE

Bakshishi ni neno lenye asili ya Kiajemi, na mzizi wake ni kutoa au kutunuku. Limetembea Uturuki, Misri na Bara Hindi, likatufikia na sisi watu wa pwani kama yalivyotufikia maneno mengi ya biashara na ya baharini. Lakini jambo lenyewe halikuwa geni kwetu. Katika taarabu, mtu akiguswa na maneno ya mwimbaji huinuka akaenda kumtunza. Fundi akimaliza kazi njema, au mwalimu akimaliza kumfundisha mwanafunzi wake, alipewa kilemba juu ya malipo yake. Harusini kuna kipa mkono, kuna kiosha miguu, kuna kifungua mlango. Watoto nao wana mkono wa Idi.

Tuyapange maneno haya mahali pake, maana mabishano mengi hutokana na kuyachanganya. Ujira ni haki: mtu amefanya kazi, na usipomlipa ana njia ya kukushtaki. Sadaka ni ya Mwenyezi Mungu: unampa mhitaji kwa sababu ya haja yake, wala humwulizi amekufanyia nini. Hongo ni ya kupindua haki, nayo kwa kawaida hutangulia mbele ya kazi. Bakshishi si moja ya hayo matatu. Bakshishi huja baada ya kazi, nayo ni hiari ya mtoaji, kwa sababu ya wema alioupata juu ya ule aliokwisha kuulipia.

Ukilijua hilo, tayari umepata nusu ya jawabu. Ikiwa bakshishi ni hiari, basi hakuna dhambi kutoitoa pale ambapo hapakuwa na wema wa ziada. Mwimbaji aliyeharibu wimbo hatunzwi, na hakuna anayesema kwamba amedhulumiwa. Lakini pia hatupigwi mawe! Hapo ndipo ndugu yetu wa shilingi moja anapokosea, kama nitakavyoeleza.

SAHANI IMEPITA MIKONO MINGAPI?

Kabla mteja hajahukumu, yampasa ajue anamhukumu nani. Sahani ya biriani haizaliwi mikononi mwa yule anayekuletea. Yuko aliyekwenda sokoni alfajiri, yuko aliyechambua mchele, yuko mpishi aliyesimama mbele ya moto, yuko mpakuaji, yuko muosha vyombo, yuko mwenye kaunta anayeandika bili, na nyuma yao wote yuko tajiri wa hoteli anayeamua ni watu wangapi waajiriwe. Mhudumu ni wa mwisho katika mlolongo huo, naye ndiye pekee unayemwona uso. Kwa hiyo yeye ndiye hubeba lawama za wote.

Tazama Ijumaa baada ya sala. Watu wametoka msikitini kwa pamoja, wote wana njaa, na kila meza inataka biriani kwa dakika ile ile. Ikiwa tajiri ameweka vijana wawili kuhudumia meza kumi na sita, utangoja, hata kama vijana hao wangekuwa na mbawa. Kungoja huko ni kosa la nani? Na ikiwa chakula kimefika kimepoa, je, kilipoa mkononi mwa mhudumu au kilipoa jikoni kikingoja kupakuliwa?

Mimi huyagawa makosa mafungu matatu. Kuna kosa la jiko: chumvi imezidi, nyama haikuiva, samaki wa kupaka ameungua. Kuna kosa la mwenye hoteli: watu wachache, meza nyingi, vikombe haba, pangaboi bovu. Na kuna kosa la mhudumu mwenyewe: umemwita mara tatu akajifanya hasikii, amekujibu kwa ukali, ameleta chai ya meza nyingine na hakutaka kuirudisha, au anasimama kuongea na simu huku wewe unangoja maji ya kunawa. Ni fungu hili la tatu tu ambalo kwa haki laweza kuigusa bakshishi yake. Kumpunguzia mtu kwa chumvi asiyoitia yeye ni kumwadhibu tarishi kwa maneno ya barua.

SHILINGI ILIYOLIA MEZANI

Niliwahi kuketi katika hoteli moja ya Mombasa, karibu na meza ya mabwana wanne waliokuwa wamengoja kwa muda mrefu. Chakula kilipofika, mmoja wao alikirudisha, na kilipokuja tena hakuridhika. Wakati wa kuondoka alitoa shilingi moja, akaidondosha juu ya meza ya mawe kwa kishindo ili kila mtu aisikie, akasema, "Chukua, ukanunue baiskeli!" Wenzake wakacheka. Mhudumu, mtu mzima mwenye mvi, aliiokota, akamfuata mpaka mlangoni, akamrudishia mkononi kwa adabu: "Ahsante, mzee. Umeisahau mezani."

Kicheko kilikatika. Pale kila mtu aliona nani amevunjiwa heshima na nani amejivunjia mwenyewe. Bwana yule angeweza kuondoka bila kutoa kitu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliigeuza bakshishi kuwa tusi, na tusi halimfundishi mtu kazi. Yule mhudumu hakuelezwa kosa lake lilikuwa lipi: kuchelewa, chakula kupoa, au majibu yake. Kesho atawezaje kujirekebisha?

Waungwana, kama ni kukosoa, ulimi upo. Mwite mtu pembeni, kwa sauti ya chini, umwambie: "Ndugu yangu, nimengoja sana, na chai imekuja baridi." Mara nyingi, kabla hujamaliza maneno yako, chai nyingine itakuwa njiani. Na asiposikia, yuko meneja, na kwa meneja nenda na jambo maalumu, si matusi. Ulimi ndio unaokosoa; mkono kazi yake ni kushukuru. Ukiuacha mkono ukosoe, ujumbe hupotea.

SOMA BILI YAKO

Liko jambo jingine ambalo wateja wengi hawaliangalii, hasa katika mahoteli makubwa ya ufuoni. Bili huja ikiwa ndefu, na chini yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT ya asilimia 16, na kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2. Pengine kuna mstari mwingine unaosema ada ya huduma. Mstari huo wapaswa kusomwa kwa miwani!

Sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 inaizungumzia ada hiyo kuwa ni malipo yaliyo badala ya bakshishi. Inakubali isihesabiwe katika kodi, kwa masharti kwamba igawiwe wafanyakazi wenyewe kwa mapatano yaliyoandikwa, na kwamba isizidi asilimia 10 ya bei. Maana yake ni kwamba ukiuona mstari huo katika bili, bakshishi umekwisha kuilipa kabla hujaingiza mkono mfukoni. Ukitaka kuongeza kwa sababu umefurahi, ongeza. Usipoongeza, usione haya. Na ikiwa huduma ilikuwa mbovu, hapo malalamiko yako yana nguvu zaidi, kwa kuwa huduma umeilipia waziwazi. Mwite meneja, umwoneshe mstari, umwulize.

Palipokosekana ada hiyo, desturi ya mahoteli ya kitalii ni kutoa kiasi cha sehemu ya kumi: bili ya shilingi 1,200, bakshishi shilingi 120. Katika vihoteli vyetu vya mahamri na mbaazi hakuna hesabu hiyo. Mtu huacha chenji yake akaenda zake. Lakini siku hizi chenji nayo imeadimika. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na hasa baada ya kila hoteli kubandika namba ya kulipia ukutani, fedha huenda moja kwa moja kwa tajiri. Mteja aongezaye shilingi hamsini juu ya bili kwa simu hudhani amempa mhudumu, kumbe amempa mwenye hoteli. Ukitaka imfikie, mpe mkononi.

NCHI ZA WENZETU

Wale wenye watoto au ndugu Marekani huenda wamesikia kwamba huko mtu haondoki mezani bila kuacha asilimia 15 au 20, hata kama hakupendezwa. Si kwamba Wamarekani ni wakarimu kutupita. Sheria ya serikali kuu yao inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu apokeaye bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1991, ingawa majimbo kadha yamejiwekea viwango vya juu zaidi. Bakshishi ikiwa haba, mwajiri hutakiwa kufidia mpaka kima cha chini cha dola 7.25. Kwa hiyo kule bakshishi imegeuzwa kuwa sehemu ya mshahara, na mteja amefanywa mwajiri bila ya kuulizwa. Japani mambo ni kinyume: mhudumu hategemei kupewa kitu, na ukiacha fedha mezani huenda akakukimbilia akidhani umesahau.

Nayataja haya ili tuone kwamba hatari ya bakshishi ni pale inaposhika nafasi ya ujira. Tajiri asitumie ukarimu wa wateja kuwapunja watu wake. Tumefundishwa, katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Anayeambiwa hapo ni mwajiri, si mla biriani.

ADABU YA MEZANI

Hata hivyo mla biriani naye hakuachwa bila mafundisho. Anas bin Malik alimtumikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa miaka kumi, naye alisimulia kwamba katika miaka yote hiyo hakuguniwa hata mara moja. Je, katika miaka kumi kijana hakuchelewa, hakusahau? Na katika Bukhari tumepokea kwamba anayeletewa chakula na mtumishi wake, kama hakumketisha ale naye, basi ampe tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia moto na taabu ya kukitengeneza. Hapo mtu hakuulizwa kwanza kama chakula kilikolea chumvi.

Na Qurani, katika Suratul Baqara, inatuonya kwamba kutoa kunabatilika kwa masimango na maudhi, na kwamba neno jema ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na udhia. Ikiwa sadaka yenyewe huharibiwa na udhia, shilingi ya kebehi itabakiwa na nini?

Basi jawabu langu ni hili. Huduma ikiwa mbovu, kwanza uliza kosa ni la nani. Pili, sema, kwa upole na kwa uwazi, wakati bado liko la kurekebishwa. Tatu, kama mhudumu alijitahidi na ubaya ulitoka kwingine, mpe kama kawaida yako, kwani naye siku hiyo amepata taabu kama wewe. Nne, kama kosa ni lake na umemwambia hakujali, lipa bili yako kamili, sema ahsante, ondoka. Usiache shilingi ya tusi. Na ukiona tu kwamba ni mhitaji, mpe sadaka kwa nia ya sadaka, ila usiiite bakshishi.

Nanyi ndugu zetu mnaobeba sinia, mna neno lenu pia. Mshahara mnaoupokea ni amana. Mteja wa chai kavu ana haki ya kuitikiwa sawa na mteja wa kamba wa kukaanga. Msimtazame mtu viatu kabla ya kumkaribisha. Anayehudumia vizuri kwa ajili ya bakshishi tu, siku asipopewa atakasirika na kesho yake ataharibu. Anayehudumia vizuri kwa kuwa ndiyo kazi yake, akipewa atafurahi, asipopewa atalala usingizi. Kutoa ni moyo, walisema wazee wetu, si utajiri. Na kuhudumu nako ni moyo.